Peremende za Ariwara zilivyomponza shangazi

Na Mwandishi Wetu, Ajia

"Mwanangu, wamezishika peremende zangu."

Hayo ndiyo maneno niliyoyapokea kwenye simu adhuhuri moja ya Desemba 2023, wiki mbili kabla ya Krismasi, kutoka kwa shangazi yangu mwenye kijiduka hapa Ajia, kaunti ya Vurra, wilayani Arua. Hakunisalimu wala hakuuliza hali ya watoto, na shangazi yangu si mtu wa kuruka salamu. Nikajua mambo yameharibika.

Alikuwa ametoka soko la Ariwara, upande wa Kongo, akiwa na katoni sita: tatu za tofi za maziwa, mbili za pipi za kijiti na moja ya chingamu. Fedha alizonunulia zilikuwa za kuokoteza: faida ya duka ya miezi miwili, mkopo wa kikundi chake cha akiba, na karo ya mjukuu wake iliyokuwa ikisubiri shule zifunguliwe Februari. Kwa wasioijua biashara hii, Desemba ndiyo mavuno ya muuza peremende. Watoto hupewa senti na wajomba waliorudi kutoka Kampala na Juba, makanisa hugawa zawadi, na harusi hazihesabiki. Katoni inayokaa mwezi mzima dukani humalizika kwa siku tatu.

Jambo moja nataka msomaji alishike mapema. Shangazi hakupita njia za panya. Wengi wakisikia mzigo umezuiwa mpakani huona picha ya mtu anayekatiza mashamba ya mihogo usiku wa manane. Yeye alipita barabara kuu, mchana kweupe, katoni zikiwa zimefungwa kwa mpira nyuma ya boda boda mbili, akasimama mwenyewe mbele ya kituo.

"Nimekuja kulipa ushuru," akawaambia.

Kituo chenyewe sitakitaja, wala afisa aliyempokea. Walimuuliza mambo matatu tu. Peremende hizi zimetengenezwa wapi? Cheti cha ulinganifu kiko wapi? Na hii tarehe iliyobandikwa juu ya pakiti, imebandikwa na nani? Shangazi, aliyeuza peremende kwa zaidi ya miaka ishirini, hakuwa na jibu hata moja.

Mimi pia sikuwa nalo. Nilipokwenda kumsaidia ndipo nilipoanza kujifunza, na nimeendelea kuuliza tangu siku hiyo, kwa mawakala wa forodha, kwa wenye maduka ya jumla mjini Arua na kwa kusoma sheria zenyewe. Nimegundua kwamba watu wengi wanaovuka Vurra, Odramacaku na Oraba kila wiki hubeba mizigo yao kwa imani ileile aliyokuwa nayo shangazi.

Kongo iliingia, peremende haikuingia

Imani yenyewe ni hii. "Kongo si iko ndani ya Jumuiya?" shangazi aliniuliza tukiwa tumeketi kwenye benchi nje ya kituo. "Redioni walitangaza, na nyimbo wakapiga. Sasa ushuru wa nini tena?"

Redio haikumdanganya. Wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliikubali Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo Machi 29, 2022. Ikatia saini mkataba Aprili 8, na Julai mwaka huohuo ikawa mwanachama kamili. Sudan Kusini ilikuwa imetangulia mwaka 2016. Kwa hiyo mtu wa Koboko akisimama Salia Musala, pale zinapokutana nchi tatu, yuko ndani ya Jumuiya kila upande anaogeukia.

Lakini forodha haiishii kuuliza bidhaa imenunuliwa wapi. Inauliza imetengenezwa wapi, na hapo ndipo wengi wetu tunapoteleza. Unafuu wa ushuru ndani ya Jumuiya ni wa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama: maharagwe yaliyolimwa Ituri, sabuni iliyotengenezwa Kampala, peremende iliyopikwa Nairobi. Tofi za shangazi zilipikwa Uturuki. Pipi za kijiti zilitoka China. Chingamu haikusema imetoka wapi, jambo ambalo ni baya kuliko yote. Kulala wiki kadhaa kwenye ghala la Ariwara hakukuzigeuza kuwa za Kongo, kama vile sisi tuliokulia kule ukimbizini baada ya 1979 hatukugeuka Wakongo kwa kula sombe. Hata mtu akizitoa katonini na kuzitia kwenye mifuko mipya, kanuni za uasilia zinasema kufungasha tu hakuipi bidhaa asili nyingine.

Kuna karatasi ambayo kila mchuuzi wa mpakani anapaswa kuijua, nayo ni Cheti Rahisi cha Uasilia. Mzigo wenye asili ya Jumuiya usiozidi thamani ya dola 2,000 hugongewa cheti hicho papo hapo mpakani, bila kwenda kukitafuta mji mkuu. Nchi za COMESA nazo zina utaratibu unaofanana nao, wenye orodha yake ya bidhaa zilizokubaliwa. Ni jambo jema, na linawafaa sana akina mama wanaouza samaki, dengu na mahindi. Lakini cheti hicho kinaondoa ushuru wa forodha peke yake. Hakiondoi Kodi ya Ongezeko la Thamani pale inapotakiwa, hakiondoi ukaguzi wa afya, wala hakigeuzi tofi ya Uturuki kuwa muhogo wa Aru.

Nilipomweleza hivyo shangazi alinyamaza kidogo, kisha akasema kitu ambacho sijakisahau. "Lakini peremende hizi hizi zilipita hapa hapa Arua. Nimeyaona malori."

Alisema kweli. Bidhaa nyingi za ng'ambo zinazouzwa Ariwara hushushwa Mombasa, zikapita Malaba, Kampala, daraja la Pakwach na Arua, safari ya zaidi ya kilomita 1,500, zikiwa kwenye makontena yaliyofungwa lakiri na kuwekewa dhamana. Kwa kuwa zimeandikwa kwamba ni za Kongo, hazilipiwi kodi ya Uganda. Zikishavuka na lakiri kuvunjwa, bei yake kule huwa chini kuliko ya Arua, na hapo baiskeli na boda boda huanza kuzirudisha zilikopita. Mchezo huo umekuwapo mpakani kwetu kwa miongo mingi, kwa sigara, betri, vitenge na sukari. Machoni pa sheria, bidhaa iliyopita kama mzigo wa safari ikirudi kimyakimya ni magendo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inampa mwenye magendo kifungo kisichozidi miaka mitano, au faini ya nusu ya thamani ya mzigo, au vyote viwili, na chombo kilichoubeba kinaweza kutaifishwa. Vijana wetu wa boda boda wangeelezwa jambo hilo la mwisho, baadhi yao wangeomba nauli kubwa zaidi.

Shangazi alitangaza mzigo wake mwenyewe, na hilo ndilo lililomwokoa na kesi. Halikumwokoa na hesabu.

Hesabu ya shilingi milioni moja

Tuchukue mfano mwepesi. Tuseme peremende za ng'ambo zina thamani ya shilingi 1,000,000 zikifika mpakani, pamoja na usafiri na bima. Tangu Jumuiya ilipoanza kutumia Ushuru wa Pamoja kwa bidhaa za nje mwaka 2005, kiwango cha juu cha kawaida kilikuwa asilimia 25. Julai 2022 ikaongezwa ngazi ya nne ya asilimia 35, na sukari na peremende zikatiwa humo, kwa maelezo kwamba viwanda vyetu vinaweza kuzitengeneza. Kwa hiyo ushuru ni shilingi 350,000. Kodi ya Ongezeko la Thamani, asilimia 18, haihesabiwi kwenye ile milioni moja bali kwenye milioni moja na ushuru wake, yaani 1,350,000. Hiyo ni shilingi 243,000. Asiye na msamaha hukatwa pia kodi ya zuio ya asilimia 6, shilingi 60,000 nyingine. Mpaka hapo tumefika 653,000, na bado sijagusa tozo ndogondogo, ada ya wakala wa forodha, wala nauli.

Ndiyo kusema tofi iliyoonekana rahisi Ariwara si rahisi tena ikishalipiwa ipasavyo. Niliifanya hesabu hii kwenye kipande cha katoni, kwa kalamu ya kuazima, huku shangazi akiangalia. Yeye hakusoma sana lakini kwa hesabu simwezi. Kabla sijamaliza kujumlisha alikuwa amekwisha kusema, "Basi ningenunua za Kenya pale Arua mjini."

Angenunua za Kenya, kweli. Kiwanda kilichomo ndani ya Jumuiya, chenye cheti cha uasilia, hakitozwi ile asilimia 35. Ndiyo sababu maduka ya jumla ya Arua yamejaa peremende na chingamu za Nairobi. Si kwamba watu wa kwetu wanaipenda Kenya kupita kiasi.

Cheti kilichoshonwa kwa kipimo cha kontena

Ushuru ni jambo moja, na viwango ni jingine. Mtu anaweza kulipa kila senti na mzigo wake bado usiingie.

Shirika la Taifa la Viwango la Uganda, UNBS, limekuwa na mpango wa kukagua bidhaa kabla hazijasafirishwa kuja nchini, unaojulikana kwa kifupi cha PVoC, tangu mwaka 2013. Maana yake ni kwamba peremende za Uturuki hukaguliwa huko huko Uturuki na kampuni iliyopewa kazi hiyo. Kampuni huchukua sampuli, huzilinganisha na kiwango kinachotumika Uganda, kisha hutoa Cheti cha Ulinganifu. Mzigo ukifika bila cheti hicho hukaguliwa hapa, na mwenye mzigo hubeba gharama za ziada. Sampuli zikihitaji maabara, mwenye mali husubiri, na katoni hukaa ghalani kwenye joto la Nile Magharibi, ambalo tofi hailivumilii.

Sasa jiweke mahali pa shangazi. Muuzaji wa Ariwara alinunua kwa mtu mwingine, ambaye alinunua kwa mwenye kontena. Cheti cha kontena hilo, kama kilikuwapo, kilikuwa cha Kongo, ambako Ofisi ya Udhibiti ya Kongo, OCC, ina masharti yake. Hakuna mahali ambapo mwanamke mwenye katoni sita angekipata cheti cha Uganda kutoka Uturuki. Na gharama ya kupima katoni moja ya tofi haipungui kwa sababu mwenyewe ni mnyonge; maabara hutumia dawa zilezile kwa kontena zima na kwa pakiti moja.

Hapa nitasema maoni yangu. Sioni kosa kwa sheria kutaka chakula cha watoto kipimwe. Ninaloliona ni kwamba cheti hiki kilishonwa kwa kipimo cha mwenye kontena, na mchuuzi akikivaa kinamburuta. Njia anayobakiwa nayo kwa bidhaa za ng'ambo ni kununua kwa mwagizaji aliyekwisha kuzilipia na kuzikaguisha ndani ya Uganda, na kudai risiti. Kwa bidhaa za Jumuiya mambo ni mepesi zaidi. Chini ya sheria ya viwango ya Afrika Mashariki ya mwaka 2006, nchi wanachama hutambua alama za ubora za wenzao. Peremende yenye alama ya almasi ya Kenya au alama ya Shirika la Viwango la Tanzania haianzi safari ya vipimo upya kana kwamba imetoka mwezini. Kwa bidhaa zilizothibitishwa hapa Uganda, tafuta alama ya Q.

Geuza pakiti

Tulipokuwa tukingoja, afisa mmoja alichukua pakiti ya tofi akaigeuza. Ni kitendo kidogo, lakini katika miaka yote ya kuuza, mimi na shangazi hatukuwahi kukifanya kwa makini. Tulikuwa tukitazama upande wa mbele, wenye picha ya ng'ombe.

Kiwango cha Afrika Mashariki kuhusu lebo za vyakula vilivyofungashwa kinaitwa EAS 38, na msingi wake ni kanuni ya kimataifa ya Codex ya mwaka 1985. Upande wa nyuma unapaswa kutaja jina la chakula chenyewe, si jina la biashara pekee, viambato vyote kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo, uzito halisi bila karatasi, jina na anwani ya mtengenezaji au mwagizaji, nchi ilikotengenezwa, namba ya toleo la kiwandani, na tarehe. Na yote hayo yasomeke na mnunuzi. Tofi za shangazi zilikuwa na Kituruki na Kiarabu. Shangazi anasoma Kiarabu cha Kurani, alichofundishwa utotoni Koboko, lakini hakikumsaidia kujua kama ndani mna karanga. Kanuni inaruhusu lebo ya nyongeza katika lugha inayoeleweka, ila lebo hiyo lazima iseme kilekile kilichoandikwa kwenye ya asili. Si ya kubuniwa sokoni.

Suala la karanga si mzaha. Kwa Codex, maziwa, mayai, karanga, ngano na samaki lazima vitajwe daima, kwa kuwa wapo watu ambao miili yao haivipokei. Salfaiti nayo ikifika miligramu 10 katika kilo moja hutajwa. Rangi haitoshi kuandikwa "rangi" tu. Inafuatiwa na jina au namba yake, kama E102 ya njano au E110 ya chungwa. Orodha za rangi zilizoruhusiwa hazifanani duniani kote. Umoja wa Ulaya uliiondoa rangi nyeupe ya E171 kwenye vyakula mwaka 2022, ilhali nchi nyingine zinaiacha. Kwa hiyo swali la mpakani si kama peremende inaliwa ilikotoka, bali kama inakubaliwa inakokwenda. Na wanunuzi wetu wengi Arua na Koboko ni Waislamu: pipi laini zinazonyumbuka mara nyingi hutiwa jelatini, ambayo yaweza kuwa ya ng'ombe au ya nguruwe, na lebo isiyosema ni ya mnyama gani inamwachia muuza duka lawama.

Halafu tarehe. Afisa aliinua pipi ya kijiti, akakwangua kwa ukucha ile karatasi nyeupe iliyobandikwa. Karatasi ilisema 2025. Chini yake, kwa wino wa kiwandani, palisomeka Agosti 2023.

Wapo watakaobisha, na wana hoja. Ile kanuni ya Codex inazitaja pipi za sukari iliyotiwa ladha na rangi, pamoja na chingamu, miongoni mwa vyakula ambavyo si lazima viandikwe tarehe, kwa kuwa sukari nyingi hivyo haiwapi vijidudu nafasi. Tofi na chokoleti ni jambo jingine, maana zina maziwa na mafuta, na mafuta huchacha. Lakini kusamehewa kuandika tarehe si ruhusa ya kuandika ya uongo. Aliyeficha tarehe moja, utamwamini vipi kuhusu rangi?

Shangazi alikuwa ameziuza pipi za muuzaji yuleyule msimu mzima wa Idi.

Kwa wanaorejea nyumbani

Nina neno kwa wanaorudi, maana najua gazeti hili linasomwa hata kwenye makambi na kwenye mabasi ya Juba. Familia yangu ilirudi kutoka Kongo, wakati huo Zaire, katikati ya miaka ya 1980, na mali yetu yote ilikuwa sufuria mbili, mkeka na jogoo. Hakuna aliyetuuliza cheti. Anayerudi leo ana mali zaidi, na kwa hiyo ana maswali zaidi.

Sheria ya forodha ya Jumuiya inamtambua mtu anayehamishia makazi yake nchini. Nguo na vyombo vya nyumbani alivyokuwa akivitumia alikotoka huingia bila ushuru, kwa masharti yaliyowekwa. Msafiri wa kawaida aliyekaa nje zaidi ya saa 24 naye ana nafuu ya bidhaa zisizozidi thamani iliyowekwa. Lakini nafuu zote hizo ni za vitu vya mtu mwenyewe na nyumba yake. Bidhaa za kuuza hazimo.

Kijana mmoja jirani yangu alifunga duka lake Juba mwaka 2016, mapigano yalipozuka upya Julai, akapakia kila kitu kwenye lori moja: kitanda, magodoro, jiko, na rafu nzima ya biskuti na peremende. Alidhani kwa kuwa anakimbia vita, vyote ni vyombo vya mkimbizi. Kitanda na magodoro yalipita. Biskuti na peremende ziliwekwa kando, kwa kuwa katoni ishirini zilizofungwa hazifanani na chakula cha familia ya watu watano. Ningemshauri leo atenganishe mizigo tangu anapopakia, aandike orodha mbili, na atunze risiti za manunuzi hata kama duka limekufa. Anayetaka kuendelea na biashara ajiandikishe mapema na Mamlaka ya Mapato apate namba ya mlipakodi, maana bila namba hiyo hakuna wakala atakayemwandikia hati.

Na kwa wanaopeleka peremende upande wa pili, msidhani mambo huishia kwetu. Anayevuka Oraba kuingia Kaya anakutana na shirika la viwango la Sudan Kusini. Anayevuka Vurra anakutana na forodha ya Kongo na OCC, wanaosoma Kifaransa. Barabara ya lami ya kilomita 92 kutoka Vurra hadi Oraba imefupisha safari kati ya mipaka hiyo miwili. Makaratasi yamebaki na urefu wake.

Katoni sita ziliishia wapi

Pipi za kijiti na chingamu ziliteketezwa, shangazi akishuhudia. Alisimama mbali kidogo na moto, kwa sababu sukari ikiungua hunuka vizuri na yeye hakutaka kuinusa. Tofi hazikuwa zimepita muda, ila hazikuwa na cheti wala lebo ya kueleweka. Aliambiwa achague: ukaguzi na malipo yote, au azirudishe zilikotoka kwa hati. Tukapiga hesabu tena kwenye kile kipande cha katoni. Tukazirudisha.

Muuzaji wa Ariwara alizitazama tofi kana kwamba hajawahi kuziona. "Mama, bei ya juzi si ya leo," akasema. Wakavutana hadi alasiri, kwa Kiswahili, kwa Kilugbara na mwishowe kwa Kilingala, na akarudishiwa nusu ya fedha. Nauli ya boda boda, kwenda na kurudi mara mbili, hakuna aliyeirudisha. Ng'ombe mmoja aliuzwa Januari, yule mwekundu, na mjukuu akaingia shule Februari akiwa na karo kamili. Deni la kikundi lilimalizwa Juni.

Siku hizi shangazi hununua kwa duka moja la jumla mjini Arua. Faida ni ndogo. Kwenye pakiti aliyokuwa akibaki na shilingi elfu, sasa hubaki na mia nne au tano. Wiki iliyopita nilimsindikiza. Muuzaji alimtajia bei, na yeye hakujibu. Alichukua pakiti, akaigeuza, akaisogeza karibu na uso, akaisogeza mbali, kisha akanipa.

"Washa taa ya simu," akaniambia. "Macho yangu hayafiki. Anza na imetengenezwa wapi."